Mkwaruzo Mmoja ni Wangu

Mwanangu wa mwisho ananipenda sana, na ndiyo maana anataka kuninyang'anya gari. Hayo ni maneno yake, si yangu. Mimi nilimwambia anipende kidogo tu, inatosha.

Kazi yake ni kukagua magari yaliyogongwa. Kampuni ya bima humtuma, naye huenda na kalamu, fomu na simu, akapiga picha pande zote, akaandika nani mwenye kosa na taa ya nani imevunjika. Mtu anayeshinda na mabati yaliyopondeka, akirudi akamkuta mama yake wa miaka sabini na mmoja anatafuta ufunguo wa gari, roho inamruka. Hapo namwelewa. Lakini mimi nimeendesha gari la dobi la hospitali miaka thelathini. Nimebeba mashuka, mapazia, makoti ya madaktari na vitu ambavyo sitavitaja kwa kuwa huenda unakula. Sijaangusha hata soksi. Kisha miezi miwili iliyopita, nikirudi nyuma uani, nikagonga chungu cha maua. Chungu changu, maua yangu, ua wangu. Ikawa kesi.

"Mama, leo chungu. Kesho?"

"Kesho sina chungu kingine."

Hakucheka. Huyu mtoto alizaliwa amekunja uso. Mkunga mwenyewe aliniuliza kama nimemuudhi.

Gari langu ni la zamani, refu nyuma, pana, rangi yake zamani ilikuwa ya maziwa na sasa ni ya chai ya maziwa. Naliita Mzee. Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro asubuhi, mimi na Mzee tunampitia dada yangu, tunampakia yeye na fremu yake ya kutembelea, tunampeleka kliniki kwenye mazoezi ya nyonga. Dada yangu alianguka bafuni mwaka huu, akawekewa chuma, na daktari akasema wazi kwamba asipofanya mazoezi kila siku, atabaki kitandani moja kwa moja. Hana mume, hana mtoto. Ana mimi na Mzee. Kwa hiyo mtu akiniambia nitoe ufunguo, anamwambia dada yangu alale asiamke tena.

Sasa sikia kilichotokea. Mwanangu na mkewe walikuwa wanahama nyumba, na gari la mwanangu halibebi kitu. Ni dogo, jekundu, milango minne, limelala chini kama limekanyagwa na tembo, na nyuma juu ya buti limewekewa bati lililoinuka kama mkia. Nililipa jina la Nge siku ya kwanza kuliona. Buti lake linaingia begi moja na kiatu kimoja. Cha pili ushike mkononi. Mwanangu analipenda kuliko macho yake. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na ana leseni mwaka wa sita sasa, hajawahi kulishika usukani tangu linunuliwe miaka miwili iliyopita. "Hili gari liko chini, mke wangu," humwambia, "utalikwaruza." Basi mwalimu wa watu hupanda mabasi mawili kwenda shule, mabega yamelemewa na madaftari ya watoto, na Nge anaenda kazini na mtu mmoja na chupa ya maji.

Jumapili jioni mwanangu akaja.

"Mama, tubadilishane wiki moja. Nipe Mzee nihamishie vitu, wewe chukua langu."

"Nge?"

"Usiliite hivyo. Na tukubaliane. Jumamosi ukinirudishia bila mkwaruzo mpya, habari ya ufunguo sitaitaja tena mpaka wewe mwenyewe uchoke. Ukilikwaruza, ufunguo wa Mzee unabaki kwangu. Mama mkubwa tutamtafutia mtu wa kumpeleka kliniki."

"Mtu gani?"

"Tutatafuta."

Naijua "tutatafuta" ya mwanangu. Bomba la jikoni kwangu linatafutiwa fundi tangu mvua za mwaka juzi. Lakini nilikuwa na kiburi cha gari la dobi, nikasema haya.

Ndipo akatoa fomu. Mimi niliyemsainia fomu ya kuanza darasa la kwanza huku akilia ameshikilia sketi yangu, nikapewa fomu nisaini kwamba nimepokea gari likiwa zima. Halafu akaanza picha. Mbele, nyuma, ubavu huu, ubavu ule, magurudumu manne, kisha akapiga magoti akaingiza simu chini ya bampa, akapiga na huko. Hata hakuangalia alichopiga. Ni mazoea; huyu ukimpa mkate ataupiga picha pande zote kabla ya kuukata. Mimi sikuwa na miwani ya kusomea, nikasaini.

Jumatatu asubuhi nikaenda kuingia. Mzee unaingia kama unavyoingia nyumbani kwako: unafungua mlango, unakaa. Nge haingiliki hivyo. Unatanguliza makalio, unayaachia yaende yenyewe, na katikati ya safari unaanza kujiuliza kama kuna kiti kweli. Kipo, lakini kiko chini mno, na pembeni kimenyanyuka kulia na kushoto ili kikubane. Nadhani kilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega na asiye na kitu kingine. Nilipofika chini nikakaa kama mtu aliyetumbukia kisimani, nikitazama usukani uliokuwa usawa wa kidevu changu.

Nikawasha. Likanguruma. Mbwa wa jirani, ambaye ni kiziwi, akaamka.

Kwa dada yangu ni mwendo wa dakika kumi, na katika hizo dakika kumi nilijua kila kitu kuhusu barabara yetu ambacho sikuwa nimeambiwa kwa miaka arobaini. Magurudumu yake ni mapana na mpira wake ni mwembamba kama maganda ya chungwa, na springi zake ngumu hazijui kusamehe. Nilipita juu ya kifuniko cha soda, na naapa ningeweza kukuambia ilikuwa soda gani. Kila shimo lilipita kwenye usukani, likapanda mikononi, likatikisa meno yangu matatu ya bandia na kuyaacha yale ya kweli yakiona wivu.

Na kelele za ndani! Nikisogea mstari, linalia pi. Nikikaribia gari la mbele, pi pi. Nikiweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, linadhani ni mtu, linataka afungwe mkanda. Nikaufunga mkoba mkanda. Mkoba ule haujawahi kusafiri kwa heshima hivyo.

Dada yangu alikuwa kibarazani na fremu yake. Akalitazama Nge kutoka juu hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda.

"Mdogo wangu, hili ni gari au ni sinia?"

"Ingia, dada. Tumechelewa."

"Niingie au nimiminwe?"

Ilituchukua robo saa. Nyonga yake haitaki kukunjwa chini ya usawa wa kiti cha kawaida, daktari alikataza, kwa hiyo nililaza kiti nyuma, nikaweka mito miwili ya kochi, nikamwingiza kwa mgongo kama mkate unavyoingizwa tanuri. Kichwa kikagusa paa. Fremu haikuingia kwenye buti. Haikuingia kwenye kiti cha nyuma ikiwa imefunguliwa wala imekunjwa. Mwisho iliingia ikiwa mguu mmoja umetoka dirishani, na hivyo ndivyo tulivyokwenda, wanawake wawili wazee, gari jekundu la kasi, na mguu wa chuma unawapungia watu.

Taa nyekundu ya kwanza, kijana wa pikipiki akasimama ubavuni mwangu, akatazama gari, akavuta mafuta, vuuu, vuuu, anataka tushindane. Akainama kuona dereva ni nani. Akaniona mimi, akaona dada yangu amelala na mito, akazima pikipiki kabisa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Uko tayari?"

Taa ikawaka kijani, akabaki palepale.

Sitasema uongo, nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha: kuna mahali Nge alinishangaza. Ni ule mzunguko wa barabara karibu na benki. Mzee pale huingia akiwa ameegemea upande, mimi huku nashika usukani kama naendesha jahazi la nguo mbichi. Nge aliingia akiwa amenyooka. Niligeuza mkono kidogo tu, likafuata, likashika lami kama kucha, na nilipokanyaga mafuta lilitoka upande wa pili kana kwamba limeitwa. Moyo wangu ulifanya kitu ambacho haujafanya tangu marehemu mume wangu alipokuwa na nywele. Basi sikutoka. Nikazunguka tena.

"Mdogo wangu," dada yangu akasema kutoka chini ya paa, "hii benki tumeshaiona."

"Nimekosa njia."

Mara ya tatu akaniambia, "Ukikosa tena nishushe nikafungue akaunti."

Furaha yangu na Nge iliishia hapo hapo mzungukoni. Jumanne mgongo wangu ulikuwa na maoni yake, na kuegesha gari kulinimaliza. Kioo cha nyuma ni kidogo kama dirisha la choo, na ule mkia umekaa katikati yake, kwa hiyo unaona nusu ya anga na nusu ya bati. Ukirudi nyuma linakuonyesha picha kwenye kioo cha dashibodi huku linalia kama mtoto mwenye njaa, na kadiri unavyokaribia linazidi, mpaka unasimama nusu mita kutoka ukutani kwa sababu ya aibu tu. Nilitumia nafasi mbili za maegesho ya kliniki. Mlinzi akaja kunisema, akaona ninavyojitoa ndani kwa mikono miwili, akaishia kunishika mkono.

Jumatano ndiyo siku yenyewe.

Kwenye lango la kliniki kuna tuta. Mzee hulipita bila hata kukohoa. Jumatatu na Jumanne nilimvusha Nge pale mshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi na kidonda. Jumatano nyuma yangu kulikuwa na gari la wagonjwa linapiga king'ora. Nikapaniki, nikaenda moja kwa moja.

Krrrrrrr.

Hiyo sauti niliisikia kwenye uti wa mgongo. Gari la wagonjwa likapita.

"Nini hiyo?" dada yangu akauliza.

"Tumbo langu. Sijala."

"Tumbo lako limetengenezwa kwa plastiki?"

Nilimfikisha kwenye mazoezi, nikarudi, nikatandika mtandio wangu chini na kulala kifudifudi mbele ya gari ili nione. Bila miwani sikuona kitu, nikaingiza mkono nikapapasa. Mungu wangu. Mdomo wa chini wa lile bampa ulikuwa umechanika kama uso wa paka aliyeshindwa. Mkwaruzo huku, mkwaruzo kule, kipande kinaning'inia, vidole vikaingia kwenye ufa. Tuta moja tu! Nikawaza, hili gari limetengenezwa kwa karatasi.

Mlinzi akaja mbio. "Bibi! Umeanguka?"

"Naangalia kama mvua itanyesha kutokea huku."

Nililala pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Niliuona ufunguo wa Mzee ukiwa kwenye mfuko wa suruali ya mwanangu. Nilimwona dada yangu kibarazani saa mbili kasoro, amevaa, amechana nywele, anamsubiri yule mtu wa "tutatafuta".

Nikaamka, nikaenda gereji.

Fundi wangu anaitwa Kimya, kwa kuwa hajawahi kukaa kimya. Gereji yake iko mtaa wa pili kutoka kliniki, na mazoezi ya dada yangu huchukua saa moja na nusu.

"Kimya, mdomo huu wa bampa. Saa moja. Na mtu asijue."

"Mama, mimi ni kaburi. Ngoja nikuambie, juzi alikuja mwalimu mkuu, namuita mwalimu mkuu lakini sitataja shule, amegonga..."

"Kimya."

"Naam. Lakini una bahati wewe. Nina kama huu huu, rangi hii hii, wa gari lililogongwa nyuma. Mbele lilikuwa zima. Kanywe chai."

Nikaenda kunywa chai, na hilo lilikuwa kosa langu la wiki. Sikukosa kwa tuta, nilikosa kwa chai. Nilipaswa kusimama pale nitazame.

Niliporudi Nge ana mdomo mpya, mwekundu, unang'aa, safi kama bibi harusi. Kimya anafuta mikono.

"Mama, nikuulize kitu. Hili gari ni lako?"

"La mwanangu. Kwa nini?"

"Yule mwanao anaendesha mashambani? Ule mdomo wa zamani ulikuwa na mikwaruzo kumi na miwili. Nimehesabu, nilitaka nimwonyeshe msaidizi wangu. Mmoja ndiyo mbichi, wa leo, mdogo kama ukucha. Mingine kumi na moja imekaa, ina matope makavu ndani, mmoja umeota kuvu. Tena ulikuwa umefungwa na vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, vitano, ili usidondoke. Mtu aliufunga kwa siri siri, vinaangalia ndani."

Nikakaa kwenye tairi.

Kumi na moja. Mwanangu, mkaguzi, mtu wa fomu. Anayemnyima mkewe usukani kwa sababu atalikwaruza. Anayenidai ufunguo kwa chungu cha maua!

"Kimya, baba yangu, uko wapi huo mdomo? Nipe niuweke kwenye buti."

"Ah." Akakuna kichwa. "Nimeukata. Kuna gari pale lilitaka kipande cha kuzuia matope. Umetosha vizuri kweli, njoo uone."

Nilienda nikaona. Umetosha vizuri kweli. Vipande vingine alishavitupa kwenye pipa la mafuta machafu. Ushahidi wangu wote ulikuwa umefungwa kwa skrubu kwenye gari la mtu nisiyemjua.

Ndipo nilipoelewa nilichojifanyia. Kama ningeacha vile vile, na mkwaruzo wangu wa ukucha kati ya ile kumi na moja, mwanangu angewezaje kusema neno? Angejishtaki mwenyewe. Sasa nilikuwa narudisha gari zuri kuliko nilivyolipokea, na kwa mkaguzi hakuna dalili mbaya kuliko hiyo. Kitu kipya maana yake kuna kitu kilichofichwa. Alinifundisha yeye mwenyewe, mezani kwangu, akila chakula changu.

Nikamweleza dada yangu njiani. Alicheka mpaka mito ikahama.

"Mwambie ukweli," akasema.

"Nitamwambia. Akiuliza vizuri."

"Na akichukua ufunguo?" Hapo hakucheka. Akatazama mguu wake. "Leo wamenifanya nipande ngazi tatu. Jana zilikuwa mbili."

Tuliendesha hadi kwake, na Nge akapita juu ya kila kijiwe akituhesabia.

Alhamisi na Ijumaa nilifikiri zaidi kuliko nilivyofikiri tangu nitoke shule ya msingi. Kila nilivyogeuza nilirudi kwenye kitu kimoja: ile picha. Mwanangu alipiga magoti Jumapili, akaingiza simu chini, akapiga bila kuangalia. Mkono wake ulizoea hivyo hata pale akili yake ilipopaswa kuuzuia. Ushahidi wangu haukuwa kwa Kimya. Alikuwa nao mwenyewe mfukoni, anautembeza. Kilichobaki ni autoe, tena mbele ya mtu anayejua kuhesabu.

Jumamosi saa sita mchana nilimpeleka Nge kwenye nyumba yao mpya. Mzee alikuwa pale nje, kiti cha nyuma kimejaa maboksi, anapumua. Mwanangu akatoka na simu. Mkewe akabaki mlangoni na ufagio.

"Mama, umefikaje?"

"Nimefika nikiwa nimekunjika. Kagua."

Akaanza. Anatazama picha, anatazama gari. Ubavu huu, sawa. Ubavu ule, sawa. Magurudumu akayafuta kwa kidole. Nyuma, sawa. Nikaanza kuona uso wake unakosa cha kusema, akaenda mbele, akapiga magoti. Akakaa hapo. Akainuka polepole.

"Mama. Huu mdomo wa bampa ni mpya."

"Ni mzuri, eh?"

"Umegonga, ukabadilisha."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje? Ni kazi yangu! Skrubu mpya, klipu mpya. Mama, tulikubaliana." Sauti ikashuka, akawa anaongea kama anavyoongea na wateja wake. "Sikulaumu. Ni umri. Nipe na ule ufunguo wa akiba wa Mzee."

Unajua, mtoto wako akikuambia "ni umri" kwa upole, ni afadhali akutukane. Nilihisi kuudhika kumeanzia magotini. Lakini nikajikunja, nikawa kikongwe kabisa.

"Mimi sijui, mwanangu. Labda ulikuwa hivi hivi tangu mwanzo. Unakumbuka vibaya."

"Sikumbuki vibaya! Nina picha!"

"Picha siku hizi zinadanganya."

"Hii nilipiga mwenyewe, Jumapili, mbele yako!" Akaanza kutafuta kwenye simu. "Hii hapa. Tazama. Hii hapa!"

"Sina miwani. Mwonyeshe mwalimu, yeye ana macho."

Na akampa. Naapa, akanyoosha mkono akampa mkewe simu, mwenyewe, kwa mkono wa kulia. Alikuwa hajaitazama ile picha hata mara moja. Nilimwona anaikumbuka pale pale, simu ikiwa tayari imetoka kwenye vidole vyake. Mkono ukabaki hewani.

Mwalimu akaegemeza ufagio ukutani. Akakuza picha kwa vidole viwili. Akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia. Midomo ilikuwa inacheza kidogo, kama anavyofanya akisahihisha.

"Kumi na moja," akasema.

"Mke wangu, ngoja..."

"Na vikamba vitano. Hivi si vile vya kwangu vya kufungia waya wa projekta? Nilivitafuta muhula mzima." Akatazama saa iliyoandikwa juu ya picha. "Jumapili, saa kumi na moja na dakika tano. Mama alichukua gari saa ngapi?"

"Baada ya hapo," nikasema. "Nilikuwa hata sijasaini."

Kimya. Sio fundi, kimya chenyewe. Ndani ya nyumba boksi lilianguka, hakuna aliyegeuka.

"Miaka miwili," mwalimu akasema. "Mabasi mawili, miaka miwili, nitalikwaruza."

"Ni matuta," mwanangu akasema. "Ni ya ofisini. Liko chini mno, hata ukipita polepole..."

"Mimi najua," nikamwambia. "Ndilo lililonipata kliniki. Mkwe wangu, sikufichi. Mmoja ni wangu. Ulikuwa wa kumi na mbili, mdogo kama ukucha. Niliogopa, nikabadilisha mdomo mzima kabla sijajua kuna wenzake. Tulikubaliana bila mkwaruzo, na mimi nimekwaruza. Haya." Nikatoa ufunguo wa Mzee wa akiba mkobani, nikaunyoosha. Hapo sikuwa naigiza.

Mwanangu hakuupokea. Alimtazama mkewe, na mkewe alinitazama mimi, kisha akatazama Mzee na maboksi yake.

"Mwenye mmoja apewe adhabu ya mmoja," akasema mwalimu. "Mama, wiki hii utatuletea chungu kipya cha maua hapa mlangoni. Mwenye kumi na moja atoe ufunguo."

"Upi?" mwanangu akauliza, ingawa alijua.

Mkewe akafungua kiganja. Nge akakabidhiwa mchana ule ule. Mwalimu alizunguka naye mtaa mara moja, akarudi, akasema kiti kinambana, springi ngumu, haoni nyuma, na kwamba kwenye kona linashika vizuri sana. Nikamwambia kuna mzunguko karibu na benki.

Basi nimeshinda, unaweza kusema hivyo. Ufunguo wangu ninao. Dada yangu amefika ngazi sita. Lakini mwanangu sasa hana gari, na ofisi yake iko njia ile ile ya kliniki, kwa hiyo kila siku ya kazi ninampitia na yeye. Anakaa nyuma, fremu ya kutembelea mapajani, magoti kwenye mgongo wa dada yangu. Na anakanyaga breki. Hakuna breki kule nyuma, lakini anakanyaga, naisikia sakafu. "Mama, taa. Mama, pikipiki. Mama, huyo anatoka." Miaka thelathini ya gari la dobi, mashuka yale hayakuwahi kunifundisha kuendesha.

Jumatatu ya kwanza, kabla hajapanda, nilimpa fomu. Niliiandika mwenyewe kwa mkono: abiria mmoja, amepokelewa akiwa mzima, mikwaruzo hakuna. Akaisoma yote, akauliza kalamu, akasaini. Halafu, kwa mazoea, akatoa simu akampiga picha Mzee pande nne.

"Na chini," dada yangu akamwambia kutoka kiti cha mbele. "Usisahau chini."

Akapiga magoti, akapiga na chini. Tukachelewa kliniki dakika tano.